Pipa la Mchele na Eda ya Mama

Juzi umeme ulikatika toka asubuhi, na sisi wenye mafriji tunajua maana yake. Ikifika adhuhuri barafu imeshalowesha sakafu, nawe umesimama mlango wa friji wazi, unajiuliza kipi kipikwe kwanza kabla hakijaharibika. Nilitoa bakuli la choroko za jana, nusu ya papai bichi nililolisahau kwenye droo ya chini, na tui lililobaki. Nikavitia vyote kwenye sufuria moja, nikakatia kitunguu. Tui lilipoanza kuchemka, harufu ikanipanda puani. Nikakaa chini. Binti yangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia siumwi, nnamkumbuka bibi yake.

"Bibi si yupo Bububu?" akasema. "Jana tu umezungumza naye."

Kweli yupo, na Mwenyezi Mungu amzidishie umri. Lakini mama niliyemkumbuka ni yule wa zamani, aliyekaa eda katika nyumba yetu ya mtaa wa Ng'ambo, nami nikiwa mtoto asiyejua kitu na anayejiona anajua vyote. Nadhani wengi wa rika langu mliwahi kuwa watoto wa namna hiyo.

Baba alikuwa fundi seremala. Akimaliza kazi kubwa, kama vitanda vya harusi au milango ya nyumba mpya, hakuwa mtu wa kujinunulia shati. Alinunua chakula. Mama akimwambia nyumba ni ndogo na panya ni wengi, yeye hujibu kuwa akiba haiozi, kisha hucheka, kwa sababu mchele wetu mara nyingine uliingia wadudu. Mara yake ya mwisho alijaza pipa la bati mpaka kifuniko kikawa hakikai sawa. Akaleta na choroko, unga wa ngano, sukari, na nazi akazirundika nyuma ya mlango wa jiko. Haukupita muda akashikwa na homa. Tulidhani ni homa ya siku mbili tatu kama homa nyingine. Hakuinuka tena.

Mama akaingia eda. Mjane kwetu hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajitii uturi wala wanja, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake huzungumza naye nyuma ya pazia. Haya nayajua leo. Siku zile nilijua tu kwamba mama, aliyekuwa akinishika mkono kwenda sokoni na kubishana na wauza samaki mpaka wakacheka, sasa hata kizingiti havuki. Niliona amefungwa. Nikawa nafikiri usiku na mchana namna ya kumfungua.

Siku moja nilimwuliza, "Mama, utatoka lini?"

"Eda ikisha, mwanangu."

"Na itakwisha lini?"

Akageuza macho kuelekea jikoni, kwa sababu chungu kilikuwa kikifurika. "Itakwisha tu," akasema. "Taratibu taratibu itakwisha."

Hapo nikapata jawabu langu, kwani mwaka uliotangulia nilikuwa nimeona jambo. Jirani yetu wa nyumba ya mbele, Bi. Zuhura, alifiwa na mumewe akakaa ndani vilevile. Kisha asubuhi moja wanawake walijaa kwake, wakamwogesha, wakamfukiza udi, akatoka amevaa nguo mpya. Asubuhi hiyohiyo, uani kwake, niliona pipa la mchele limeoshwa na kuegemezwa ukutani likikauka juani, tupu. Niliviona vyote viwili kwa pamoja na nikaviunganisha mwenyewe. Mume akifa huacha chakula. Mke lazima akae ndani mpaka chakula hicho kiishe. Kikiisha, pipa huoshwa, naye anatoka. Hesabu yangu niliiona safi kabisa, na hakuna aliyeikosoa kwa sababu sikumwambia mtu.

Basi nikaamua kumsaidia mama kumaliza chakula cha baba.

Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu mama naye alikuwa na mpango wake. Akishasali alfajiri huchukua kigoda, akafunua pipa na kutia mkono mpaka kiwiko, akipima kilichobaki. Kisha huzunguka jikoni akitazama kilichopo: nazi ngapi zina maji bado, choroko zimebaki wapi, papai gani limeshakua lakini halijaiva, mchicha wa uani umechipua au la. Hapo ndipo huamua tutakula nini. Hakuwahi kuamua kwanza kisha akatafuta vitu. Alikuwa akivisikiliza vitu vyenyewe.

Nazi moja ilimfanyia kazi ya nazi tatu. Tui la kwanza lilikwenda kwenye wali, la pili kwenye mchicha au papai bichi, na chicha akalisugulia masufuria yakang'aa. Wali wa jana ulilowekwa na mchele kidogo, ukasagwa, asubuhi ukawa vitumbua. Ukoko ulianikwa juu ya ungo, jioni tukautafuna kwa chai. Akipika choroko hubakisha upawa mmoja, na kesho upawa ule huwa ndio mchuzi wa shelisheli. Leo mimi mwenyewe ni mpishi wa nyumba na ninajua kazi ile ilivyo ngumu, kwani jambo la kuchosha katika kupika si moto, ni kuwaza. Siku zile lakini nilikuwa namshangaa. Nikila nusu ya chakula, yeye anakiongeza. Nilidhani hajui kanuni.

Majirani nao walinikwaza. Katika siku za mwanzo sahani ziliingia kwetu mfululizo, kama ilivyo ada ya msiba, na hata zilipopungua, Bi. Mwanaidi wa nyumba ya ubavuni hakuacha. Kila baada ya siku chache alipitisha kichwa mlangoni na kusema, "Mwanangu, mpelekee mama, mwambie nimezidisha tu." Mama hakuirudisha sahani tupu hata mara moja. Ikikosekana kitu alitia mikate ya maji, ikikosekana ngano alitia malimau ya uani. Mimi nilikuwa nimenuna. Kwa hesabu zangu, kila bakuli la Bi. Mwanaidi lilikuwa linamzidishia mama kifungo, na mama badala ya kukataa anashukuru.

Tulikuwa watatu kwenye sinia: mama, mimi, na mdogo wangu Saidi aliyekuwa bado analishwa. Tangu msiba nilikuwa nachezea chakula tu. Siku niliyoanza kazi yangu nilikula upande wangu wote mpaka bati likaonekana, nikasema, "Mama, niongeze."

Mama alinitazama, mkono umesimama karibu na mdomo. Kisha akasukuma wali wa upande wake ukaja upande wangu, pamoja na kipande cha samaki.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Mie nshashiba. Kula, mama, kula."

Nilifurahi mno. Nilidhani amenielewa. Nilidhani na yeye anataka kutoka, ila tumbo lake dogo haliwezi kufanya kazi ile peke yake, ndiyo maana ananikabidhi. Toka siku ile ikawa ndiyo desturi yetu. Nikifika kwenye bati namtazama, naye anasukuma. Hatukusemezana zaidi ya hapo. Kila mmoja aliona ameelewana na mwenzake.

Ndipo akaja Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa alikuwa kaka wa baba, mkulima wa Matemwe, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Watoto wake walishakua na kuolewa, na mkewe alikuwa akilima mwani. Alikuja na mzigo begani: mihogo, pweza mkavu aliyefungwa kwa kamba ya ukili, na mchele katika mfuko wa nusu gunia. Nilipouona mchele ule unaingia jikoni nilipiga kelele nikalia. Nililia kilio cha msiba kabisa, nimejitupa chini. Maskini mzee wa watu alibaki kasimama na mfuko wake.

"Ana nini huyu, shemegi?" akauliza kuelekea pazia.

"Babake," mama akajibu toka chumbani. "Akikuona wewe anamkumbuka babake."

Hata mama alikosea siku ile.

Tukaletewa chakula ukumbini, Baba Mkubwa, Saidi na mimi, na mama akabaki nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Nilipiga hesabu. Mzigo mpya umeingia, lazima niongeze bidii. Nikala kwa mikono miwili mpaka Baba Mkubwa akaniambia, "Mkono wa kulia, mwanangu," nami nikala kwa mmoja lakini mbiombio. Nilimaliza upande wangu nikaingia wa Saidi. Baba Mkubwa aliacha kula, akawa ananitazama. Macho yake yalikuwa ya huruma, na nilidhani ananionea huruma kwa kufiwa.

Alipokwisha nawa akasogeza mkeka karibu na pazia.

"Shemegi, nisikilize, usinune. Mie sikuhukumu. Mume kaondoka, wewe uko ndani, mkono mtupu haulambwi. Huyu mkubwa nipe nikakae naye Matemwe. Skuli ipo, mihogo ipo. Ukishatoka na kutengenekewa, mambo yakikaa sawa, utamchukua."

Kivuli cha mama kikasogea nyuma ya pazia.

"Watoto wangu wanakula, shemegi," mama akasema.

"Najua unajitahidi. Lakini macho nnayo. Mtoto aliyeshiba hali vile."

Sikumchukia Baba Mkubwa siku ile na simchukii leo. Kwetu kulea mtoto wa ndugu ni wema wa kawaida, na yeye alikuwa anapunguza mzigo wa nyumba ya nduguye. Lakini neno Matemwe lilinitisha. Nitoke mimi, mama abaki ndani na Saidi asiyejua hata kujilisha? Nani atamaliza chakula? Mama angebaki mle maisha.

Baba Mkubwa akakubaliwa kuja kutazama tena baada ya muda, na akikuta hali ileile, nifungiwe nguo zangu. Mama hakuwa na namna ya kukataa zaidi ya hapo. Alipoondoka, mama alinikalisha mapajani akanipapasa mbavu, mmoja mmoja, kama anayetafuta kitu kilichompotea.

Baada ya hapo tulifanya kazi kama watu waliorogwa. Yeye alinilisha ili Baba Mkubwa akirudi anikute mnene, nimeshiba, sina pupa. Mimi nilikula ili pipa liishe kabla Baba Mkubwa hajarudi. Nilikuwa nalala tumbo limekaza kama ngoma. Asubuhi vitumbua, adhuhuri wali, jioni muhogo wa mzigo uleule wa Matemwe. Mama alizidi kuwaza na kuzidi kusukuma. Kanga zake zilianza kumzunguka mara mbili kiunoni, nami nikaona ni kwa sababu amekaa ndani sana, kwani niliwahi kuona mmea uliofunikwa na ndoo ukakonda. Nikaongeza bidii tena.

Siku aliyorudi Baba Mkubwa, mama alikuwa ameamka mapema kuliko kawaida. Alipika chakula ambacho mpaka leo nikiwaza kinanitia machozi, kwa sababu sasa naelewa kilivyotengenezwa. Wali wa nazi kwa nazi ya mwisho yenye maji. Pweza mkavu aliyelowekwa toka jana, akapondwa, akaungwa kwa limau na pilipili. Papai bichi na choroko kwa tui la pili. Hakuna kilichonunuliwa. Aliipanga sinia ikajaa mpaka ukingoni, ikapendeza kama sinia ya sikukuu, kisha akanishika mabega.

"Sikiliza. Vitumbua umekula, njaa huna. Ukikaa na Ba Mkubwa, kula taratibu. Tonge dogo. Ukishiba sema alhamdulillahi, nyanyuka ukanawe. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Lakini nilikuwa nimeshachungulia pipa. Kwa sinia ile ya wali mwingi, mchele ulikuwa umefika chini kabisa, nauona mzunguko wa bati. Ilibaki kidogo tu. Nikimaliza leo mama atatoka, atasimama mbele ya Baba Mkubwa mwenyewe bila pazia na kumwambia siendi. Maagizo ya mama niliyasikia. Niliona tu kwamba kazi yangu ni kubwa zaidi.

Hodi ikapigwa. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa upole, akakaa. Sinia ikaja. Nilianza kwa tonge dogo kama nilivyoambiwa, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi. Wali ulinikwama kooni nikaushindilia kwa mchuzi. Jasho lilinitoka. Baba Mkubwa alikuwa hajala hata matonge matatu. Aliuweka mkono wake juu ya wangu, ndani ya sinia, akauzuia.

"Shemegi," akasema bila kugeuka, "mfungie nguo zake."



"Mwanangu," akaniambia mimi. "Njaa gani hii?"

"Sina njaa," nikasema. Wali ulikuwa bado mdomoni.

"Huna njaa? Sasa unakulia nini?"

Machozi yakanitoka, tumbo linauma, na siri yangu ikaniponyoka. "Nnamaliza chakula cha baba. Kikiisha mama atoke eda. Nimebakisha kidogo tu, Ba Mkubwa, usinichukue leo. Nisubiri nimalize."

Sijui alichokuwa anakifikiri. Namkumbuka tu mdomo wake ulivyokuwa wazi kidogo na mkono wake bado uko juu ya wangu, una wali.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Niliona pipa la Bi. Zuhura. Lilikuwa tupu, akatoka."

Aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka Saidi akamvuta shati. Kisha akaniambia polepole, kama anayemfundisha mtoto sura ya kwanza, "Eda haiishi kwa chakula, mwanangu. Inaisha kwa siku. Ule usile, siku zinakwenda. Zikitimia atatoka, hata pipa likiwa limejaa."

"Hata likijaa?"

"Hata likijaa."

Akanawa. Akakunja mkeka wake mwenyewe, jambo ambalo mgeni wa heshima yake hafanyi. Alipofika mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida, "Shemegi, mie narudi zangu. Huyu hana njaa. Nisamehe." Na pazia likajibu, kwa sauti ambayo sikuijua, "Nishakusamehe, shemegi. Nenda salama." Akaenda Matemwe peke yake.

Mama akatoka chumbani. Macho yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa unatetemeka kwa kicheko, na mpaka leo sijui kipi kilimshinda mwenzake. Akakaa chini mbele ya sinia, ambayo upande mmoja ilikuwa imefikia bati na upande wa mgeni ilikuwa haijapungua sana.

"Siku zote hizo," akaniuliza, "ulikuwa umeshiba?"

"Nilikuwa nimeshiba, mama. Nilikuwa nashiba mapema sana."

"Na kila ukiniambia nikuongeze?"

"Nilikuwa nimeshiba."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mie nilikuwa nakupa wali wangu," akasema.

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayegundua mahali alipoweka funguo. Kisha akavuta sinia, akasema bismillahi, akala. Alikula upande ule mzima bila kuzungumza, tonge baada ya tonge, akapangusa mchuzi, akachukua na vipande vya pweza alivyokuwa ameviweka mbele ya mgeni. Nilikaa nikimtazama. Sikuwahi kumwona mama anakula vile, na kwa mara ya kwanza tangu baba afariki nikaogopa kwamba chakula hakitatosha.